Gundi ya Kordofan: Machozi ya Mgunga Yanayoilinda Nyanya Isioze

Kutoka Kosti, mji ulioko kando ya Nile Nyeupe, reli huelekea magharibi hadi Umm Ruwaba, kisha Er Rahad, na mwisho wake ni El Obeid, makao makuu ya Kordofan ya Kaskazini nchini Sudan. Kadiri msafiri anavyousogelea mji huo ndivyo udongo mweusi wa bondeni unavyokwisha na mchanga mwekundu unavyoanza, mchanga uliolala katika mawimbi makubwa ambayo wenyeji huyaita goz. Mvua hunyesha tangu Juni hadi Septemba tu, tena si nyingi. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Mtu asiyeijua nchi hiyo angedhani kwamba haina la kumpa binadamu. Hata hivyo, katika soko la mazao la El Obeid hupigwa mnada bidhaa ambayo viwanda vya dunia nzima huitegemea, nayo ni gundi ya mgunga, iitwayo pia gundi ya Kiarabu. Kabla ya vita vilivyoanza Aprili 2023, zaidi ya theluthi mbili ya gundi hiyo iliyouzwa duniani ilitoka Sudan, na ile ya Kordofan ndiyo iliyohesabiwa kuwa bora kuliko zote.

Wengi huifahamu gundi hiyo bila kuitambua. Imo ndani ya soda, ambamo huzuia mafuta ya ladha yasijitenge na maji. Imo katika peremende, katika wino na katika vidonge vya dawa. Matumizi yake mengine, ambayo hayajaenea sana lakini yanastahili kuangaliwa na kila mwenye jiko, ni ya kuyapaka matunda na mboga utando mwembamba unaolika ili yasioze upesi.

Sudan si jirani wa kupakana na Uganda na Kenya tena tangu Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru wake na kukaa katikati. Lakini historia ya El Obeid imewagusa watu wa Uganda zaidi ya wanavyodhani wengi wao. Mwezi Januari 1883 mji huo uliangukia mikononi mwa Mahdi, na tarehe 5 Novemba mwaka huo huo jeshi la watu wapatao 10,000 lililoongozwa na Mwingereza Hicks, likiwa limechoka na kushikwa na kiu, liliangamizwa katika msitu wa miiba wa Shaykan, kusini ya mji. Ushindi huo ndio uliofungua njia ya kuanguka kwa Khartoum mwaka 1885, na askari wa Emin Pasha waliokuwa Equatoria wakabaki wamekatika na serikali yao. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawaingiza katika utumishi wake nchini Uganda. Wazao wao ni Wanubi, ambao jina lao na lugha yao vimeshikamana na historia ya majeshi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo miiba ya Kordofan si habari ya mbali kwa kila msomaji.

Jeraha na dawa yake

Mti wenyewe huitwa hashab na wenyeji; kwa Kiswahili ni aina ya mgunga ijulikanayo kama kikwata. Si mti wa kupendeza. Ni mfupi, una matawi yaliyosokotana na miiba iliyopinda kama makucha ya paka, na wakati wa kiangazi hauna hata jani moja. Thamani yake iko katika tabia yake ya kujitibu. Gome linapojeruhiwa, mti hutoa utomvu mzito ambao hukutana na hewa kavu ukaganda kuwa donge la rangi ya kaharabu, na donge hilo huziba kidonda. Ndiyo maana watu huyaita machozi.

Mkulima wa Kordofan huanza kazi ya kugema mwezi wa Oktoba au Novemba, mvua zikiwa zimekwisha na majani yameanza kupukutika. Zamani kazi hii ilifanywa kwa shoka, na miti mingi iliumia kwa sababu shoka halijui kiasi. Baadaye ikaletwa sonki, chuma chenye ncha kilichofungwa kwenye mpini mrefu: ncha huchomekwa chini ya gome kidogo tu, kisha huvutwa, na utepe mwembamba wa gome hubanduka bila kuudhuru mti wa ndani. Baada ya wiki nne hadi sita machozi ya kwanza huwa tayari kuchumwa kwa mkono. Mchumaji hurudi tena kila baada ya wiki mbili hivi, mpaka Februari au Machi. Mavuno hutiwa katika kikapu, si katika mfuko wa plastiki, maana gundi yenye unyevu ikifungiwa hushika ukungu. Pamoja na jasho lote hilo mti mmoja hutoa, kwa wastani, robo kilo tu kwa msimu.

Kazi hii inafaa sana mahali pale kwa kuwa huja wakati shamba halina kazi. Uwele, ufuta na karanga huwa zimekwisha kuvunwa, na fedha ya gundi ndiyo inunuayo nafaka nyumbani ghala likianza kuwa tupu. Aidha mti huo huirudishia ardhi nguvu: mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoingiza nitrojeni udongoni, na huushika mchanga usipeperuke. Desturi ya zamani ilikuwa kuliacha shamba lililochoka liote mahashab kwa miaka 15 au 20, mkulima akigema gundi, halafu miti iliyozeeka ikakatwa na uwele ukapandwa tena. Mpango huo ulivurugika kwa kuongezeka kwa watu na kwa ukame mkali wa 1984 na 1985, ulioua miti mingi na kuwahamisha wafugaji na wakulima hadi vitongoji vya Omdurman.

Mtu akipita magharibi zaidi, katika nchi ya Wahamar kuelekea En Nahud, ataona mibuyu iliyochongwa ndani ikawa mitungi ya kuhifadhia maji ya mvua, maji ambayo hunywewa miezi mingi baadaye. Watu wa nchi hiyo wamezoea tangu zamani kutunza kitu kilichopatikana kwa siku chache kiwafae kwa siku nyingi. Bamia hukaushwa ikasagwa kuwa weika, nyanya hukatwa vipande zikaanikwa juani, na nyama hufanywa sharmut. Lakini kilichokaushwa si kibichi tena, na mboga mbichi ndiyo imekuwa taabu.

Bustani za Bara

Kaskazini ya El Obeid, mwendo wa kilometa 60 hivi, uko mji mdogo wa Bara. Hapa maji yako karibu na uso wa ardhi, na kwa sababu hiyo, katikati ya mchanga, pana bustani za ndimu, nyanya na mboga nyingine ambazo kwa miaka mingi zimelisha soko la El Obeid. Nyanya ichumwayo Bara asubuhi hupakiwa katika masanduku, hutikiswa njiani, na kufikia sokoni joto likiwa limepanda. Mwezi wa Mei kivulini huwa nyuzi 40 au karibu na hapo. Siku ya kwanza nyanya ni ngumu, siku ya tatu imelegea, siku ya tano muuzaji huikubali bei yoyote. Na hatua chache kutoka hapo, katika soko hilo hilo, yamelala magunia ya gundi yanayongoja kusafirishwa ng'ambo.

Kwa nini tunda huoza? Nyanya iliyochumwa haijafa. Huendelea kupumua: huvuta oksijeni, hutumia sukari yake, hutoa kabonidioksidi na joto. Vilevile hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo ndiyo tarumbeta ya kuiva. Tunda moja likiivuta, na jirani zake huitika. Wakati huo huo maji yake hutoka. Ngozi ya nyanya haina vitundu vya kupumulia kama jani. Sehemu kubwa ya hewa hupita katika kovu la kikonyo, pale ilipokatika kwenye mmea.

Utando wa gundi huja kuubana mlango huo bila kuufunga kabisa. Oksijeni huingia kidogo, kabonidioksidi hukaa ndani zaidi, ethilini hupungua, na tunda hupumua polepole kama mtu aliyelala. Wazo lenyewe si jipya. Wachina walipaka nta machungwa na malimau tangu karne ya 12, na leo matunda mengi ya dukani Ulaya na Marekani yamepakwa nta ya mkanauba wa Brazili au utomvu wa wadudu wa laki kutoka India. Uzuri wa gundi ya mgunga ni kwamba huyeyuka katika maji matupu, haina rangi wala harufu kubwa, na hata ikitiwa nyingi maji yake hayawi mazito upesi kama uji wa wanga. Zaidi ya hayo huliwa: Wasudani wenyewe huiloweka na kuinywa kwa ajili ya tumbo na figo, na kamati ya wataalamu ya FAO na WHO inayochunguza viungo vya vyakula imeikubali kuwa salama.

Mwaka 2010 watafiti wa tawi la Malaysia la Chuo Kikuu cha Nottingham walitangaza matokeo ya kuzitia nyanya katika maji yenye gundi asilimia 10. Zikiwekwa katika joto la nyuzi 20, nyanya hizo zilichelewa kuiva na zikabaki na ugumu na rangi nzuri hadi siku ya 20, wakati zile zisizopakwa zilikuwa zimekwisha kuharibika mapema. Mwaka uliofuata watafiti hao walichanganya gundi na kitosani, dawa itokanayo na maganda ya kamba, wakaweza kuhifadhi ndizi katika chumba cha baridi kwa wiki nne na zaidi.

Hapana budi kutazama jambo moja kabla ya kushangilia. Nyuzi 20 si nyuzi 40. Chumba cha watafiti si lori la Bara, wala si jiko la bati katika kota za polisi. Katika joto kali utando utasaidia, lakini siku zitakuwa pungufu sana kuliko zilizoandikwa. Pia gundi hii hupenda maji, na kwa hiyo huzuia hewa vizuri kuliko inavyozuia unyevu. Umande au manyunyu yakiipata, huanza kunata na kuondoka. Haiwezi kuliponya tunda lililopondeka. Na mtu akizidisha kipimo kwa kudhani kwamba utando mnene ni bora, tunda hukosa hewa kabisa, huchacha ndani, na likipasuliwa hutoa harufu ya pombe.

Namna ya kuifanya nyumbani

Akina mama wanaonunua nyanya nne za mchuzi wa jioni hawana haja ya shughuli hii. Inamfaa aliyevuna debe kutoka bustani ya nyuma ya nyumba, au aliyenunua tenga zima siku ya soko, au duka la ushirika la kambini linalopokea mboga mara moja kwa wiki.

Ichaguliwe gundi ya kula, madonge safi au unga, na kamwe isiwe ile ya chupa ya kubandikia bahasha, ambayo huweza kuwa na dawa nyingine ndani yake. Kipimo ni gramu 100 za gundi kwa mililita 900 za maji safi yaliyochemshwa. Madonge hulowekwa usiku kucha; unga hukorogwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja mpaka vidonge vyote viishe. Maji hayo huchujwa kwa kitambaa safi, maana mara nyingi gundi huwa na vipande vya gome na chembe za mchanga, kisha huachwa yapoe.

Nyanya zinazofaa ni zile zilizokomaa ambazo ndiyo kwanza zinaanza kugeuka rangi. Zilizokwisha kuwa nyekundu ziliwe. Zioshwe, zikaushwe vizuri, na kila yenye ufa au alama ya kupondeka iwekwe kando, kwa kuwa moja mbovu ndani ya utando itaziambukiza nyingine. Zitumbukizwe zote, kovu la kikonyo likiwemo, kwa dakika mbili au tatu, halafu zipangwe juu ya wavu au kikapu kivulini penye upepo mpaka zikauke na zisinate tena mkononi. Zihifadhiwe mahali pa baridi kadiri inavyowezekana, bila kurundikwa. Maji ya gundi yaliyobaki yasiwekwe kwa kesho, kwani huvunda. Wakati wa kupika nyanya huoshwa tu, na utando hutoka wenyewe. Ndimu na maembe huweza kufanyiwa vivyo hivyo. Mchicha na mboga nyingine za majani hapana, maana zitanata na kuoza upesi zaidi.

Gundi si lazima itoke Kordofan. Kikwata huota pia Karamoja, na katika nchi kavu ya Turkana, Samburu, Isiolo na Marsabit, ambako wachungaji huokota machozi yaliyojitokea yenyewe penye majeraha ya mti, wakayatafuna wakiwa machungani au wakayauza kwa wachuuzi. Sehemu kubwa ya mavuno hayo hupotea kwa kukosa mtu wa kuyakusanya na kuyachambua.

Gundi inakokwenda

Kwa muda mrefu mkulima wa Kordofan ndiye aliyepata sehemu ndogo kuliko wote. Mwaka 1969 serikali ya Sudan iliunda kampuni moja iliyopewa haki ya pekee ya kuuza nje gundi ghafi. Nia ilikuwa kumlinda mkulima na bei za kuyumba, lakini bei aliyolipwa ilikuwa ya chini mara nyingi, na palipokuwa na faida zaidi katika ufuta au makaa, hashab ilikatwa. Haki hiyo ya pekee ilifutwa mwaka 2009, wanunuzi wakaongezeka. Hata hivyo magunia yaliendelea kwenda Port Sudan yakiwa na madonge yale yale yaliyochumwa mtini. Viwanda vya Ulaya, hasa vya Ufaransa, ndivyo vinavyoyayeyusha, kuyachuja na kuyakausha yakawa unga mweupe wa bei kubwa. Uzito wa bidhaa hii katika biashara ya dunia ulionekana pale Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997: karibu kila kitu kilifungiwa mlango, gundi ikaachiwa upenyo.

Vita kati ya jeshi la Sudan na Vikosi vya Msaada wa Haraka, RSF, vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, Kordofan ilijikuta katikati ya njia. El Obeid ilizingirwa tangu mwaka huo, na mzingo haukuvunjwa na jeshi mpaka Februari 2025. Mwezi wa Mei 2025 En Nahud, soko kubwa la gundi upande wa magharibi, ilichukuliwa na RSF. Bara, penye zile bustani, ilirejeshwa na jeshi Septemba 2025, na Oktoba RSF wakaiteka tena. Katika mwaka huo wa 2025 wafanyabiashara walieleza kwamba gundi nyingi ilikuwa ikivushwa mipakani kwa magendo na kuuzwa kama zao la nchi nyingine, zikiwamo Chad na Misri, na kwamba katika barabara za ndani kila kizuizi kilidai ushuru wake. Mchumaji aliyebaki kijijini hakuwa na nafasi ya kujadiliana juu ya bei.

Familia nyingi zilizokimbia ziliiacha miti bila kugemwa, na hilo peke yake si hasara ya kudumu, kwa kuwa hashab iliyopumzika msimu mmoja au miwili hutoa gundi bila shida mgemaji akirudi. Hasara iko kwa miti iliyokatwa kwa kuni na makaa wakati gesi na mafuta ya taa vilipokosekana. Mche wa hashab uliopandwa mvua ya kwanza hautaguswa na sonki kabla ya kutimiza miaka minne au mitano.